Shajara ya mradi: vidole na vitenzi katika darasa la maandalizi, Kaskazini Pemba

Januari, skuli zimefunguliwa

Darasa letu limo katika banda la chuo cha Qur'an, upande wa Micheweni. Asubuhi ni maandalizi, alasiri ni chuo. Watoto 34, wa miaka 4 na 5, walimu wawili, na mimi ninayesimamia mradi. Shajara hii naiandika ili wenzetu wa vituo vya jirani wapate pa kuanzia.

Tunachotaka hadi mwisho wa mwaka: mtoto afunge na kufungua vifungo vyake mwenyewe, akate karatasi kwa kufuata mstari, ashike penseli kwa vidole 3 bila kuikaba, na awe na maneno ya kueleza kile ambacho mikono yake inafanya. Hilo la mwisho ndilo lililonivuta mimi.

Ukutani tuna picha za embe, ng'ombe, jogoo, gari, mashua. Watoto wanazijua zote, hujamaliza kuuliza wameshajibu. Lakini chukua leso, ikunje mbele ya mtoto, umuulize, "Nafanya nini?" Atakwambia, "Unafanya hivi," na mikono yake inaiga. Tulimpima kila mmoja kwa vitendo 20 vya nyumbani: kukunja, kusokota, kumenya, kuchovya, kukamua, kubandua na vyenginevyo. Wengi hawakufika hata nusu. Majina wanayo tele, vitenzi ndivyo vilivyopungua. Na si kwamba hawavijui kabisa. Ukimwambia "hebu ikunjue hiyo leso" anaikunjua bila taabu. Kusikia anasikia, kusema ndiko kunakomshinda, kwa sababu nyumbani na darasani hakuna aliyewahi kumtaka aseme. Sisi wakubwa wenyewe tunaongea kwa "lete ile", "weka hapo", "fanya hivi".

Kuhusu mikono: wengi wa miaka 4 wanashika penseli kwa kiganja kizima, bega ndilo linaloandika. Hili halinitishi. Mtoto anapozaliwa, ile mifupa midogo 8 ya kifundo cha mkono bado ni gegedu, inageuka mfupa mmoja mmoja kwa miaka, na wa mwisho huanza kugeuka mtoto ameshafika madarasa ya kati au ya juu ya msingi. Mtoto wa miaka 4 anayeweka penseli chini baada ya mstari mmoja wa "a a a a" si mvivu. Amechoka kweli.

Kwenye mkutano wa wazee mama mmoja alisema wazi: "Mwalimu, mtoto wa dada yangu yuko mjini, rika moja na huyu, anaandika jina lake zima. Wangu kila siku akirudi ananambia wamecheza komwe. Tunalipia komwe?" Watu walicheka, maana komwe ni zile mbegu ngumu za kuchezea bao, lakini swali lilikuwa la wengi. Nilimjibu kwamba Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 imeyapa maandalizi miaka 2, haikuyapa wiki 2, na kwamba kalamu ni kazi ya mwisho ya mkono, si ya kwanza. Hakuridhika sana. Tukakubaliana aje aone darasa siku anayotaka, bila kutoa taarifa.

Kanuni moja tumeiweka na imebandikwa mlangoni, kwa walimu tu: neno "hivi" ni marufuku. Kila kitendo kinasemwa kabla, wakati kinafanyika, na kikishakwisha. "Sasa tutakunja." "Unakunja nini?" "Umekunja?" Kwa njia hiyo mtoto anakipata kitenzi pamoja na nyakati zake, bila somo la sarufi.

Februari, komwe na mpapai

Vifaa tulivyokuwa tumeorodhesha kununua tumevifuta karibu vyote. Komwe zinaokotwa ufukweni bure, kila mtoto ameleta za kwao. Anazihamisha kutoka kifuu hadi kifuu kwa vidole 2, kisha kwa kibanio cha nguo, na hapo ndipo utamjua aliye na nguvu ya kidole gumba na asiye nayo. Wakubwa tumewachorea mashimo ya bao chini, wanasambaza komwe moja moja. Kusambaza kumewapa kazi zaidi kuliko nilivyotarajia: mkono mmoja unashika komwe nyingi huku vidole vinatoa moja tu. Ni ufundi ule ule unaotakiwa baadaye kwenye kalamu, vidole viwili vitatu kufanya kazi na vilivyobaki kutulia ndani ya kiganja.

Kutunga shanga ilikuwa tatizo kwa sababu komwe hazitoboki kirahisi. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyekuja na vikonyo vya majani ya mpapai. Ndani ni vitupu. Ukivikata vipingili vya inchi moja unapata shanga kubwa zisizo gharama. Tunavianika kwanza, maana utomvu wake mbichi huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Uzi ni wa nyavu, na ncha yake tunaichovya katika nta ya mshumaa ili isifumuke. Kazi hii inataka mikono miwili yenye kazi tofauti, mmoja unashika tundu, mwengine unapenyeza, na mtoto ambaye mkono wake wa pili umezoea kulala tu pajani utamwona papo hapo.

Tahadhari, na hii naomba isirukwe. Komwe na vizibo si vya watoto chini ya miaka 3. Wadogo zao wanaofuatana nao wanakaa na msaidizi upande wa pili. Komwe zinahesabiwa zikitoka na zikirudi, kwa sababu pua na sikio ni mashimo ya bao pia kwa mtoto wa miaka 4. Na mbegu za turituri, zile nyekundu zenye doa jeusi, hazitungwi katika darasa letu hata zikiletwa na mzazi kwa nia njema. Zina sumu kali, na mbegu iliyotobolewa ni hatari zaidi kuliko nzima, kwa sababu ganda ndilo linaloizuia sumu isitoke. Nyonyo nazo hivyo hivyo. Korosho mbichi na maganda yake pia tumekataa, mafuta yake yanaunguza.

Unga wa ngano, chumvi na maji, ule wa kufinyanga, tuliufanya kidogo tukauacha. Bibi mmoja alipita akaona watoto wanaubonda unga, akasema, "Mnachezea riziki, wanangu?" Ana haki yake. Udongo wa vyungu upo, unakandika vizuri zaidi, na ni mgumu kidogo, jambo ambalo kwa vidole ni faida. Vitenzi vya udongo: kukanda, kubonyeza, kuviringisha, kubandika, kulainisha.

Wenzetu wa vituo vya TuTu, yaani Tucheze Tujifunze, wanafundisha kwa vipindi vya redio, na kuna jambo moja tumeliazima kwao: redio inauliza, kisha inanyamaza ili mtoto ajibu. Mwalimu wa kawaida hanyamazi. Anauliza, anajijibu, anaendelea. Tumejizoesha kuuliza na kusubiri, kimya kikiwa kirefu kiasi cha kumtia aibu mwalimu.

Ramadhani

Saa zimepunguzwa, walimu wamechoka, hakuna jipya la kuandika. Tuliwapa wazazi kazi moja tu ya nyumbani: jioni mtoto akae na anayepika, na kila kitendo kitajwe kwa jina lake.

Baada ya Idd, vifungo

Sikukuu imetusaidia kuliko mradi. Wavulana wamekuja na kanzu mpya, wasichana na magauni yenye vifungo mgongoni na viatu vya kamba, na hakuna anayekubali kusaidiwa kuivaa nguo yake ya Idd. Tumeipa wiki nzima. Mtoto mmoja alihangaika na kifungo cha shingo mpaka jasho likamtoka, akaja kwa mwalimu akasema, "Hiki hakifunguki." Hatukuwahi kumfundisha "funguka". Tulimfundisha "fungua" tu, iliyobaki Kiswahili chake kimeitoa chenyewe.

Kuanzia hapo tumeanza mchezo wa wawili wawili: mmoja anafanya, mwenziwe anakifanya kinyume na kukitaja. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Chomeka, chomoa. Bandika, bandua. Pakia, pakua. Darasa likapata moto. Msichana mmoja aliyekuwa haongei kabisa, wa kuitikia kwa kichwa, alikata karatasi yake mahali pasipotakiwa, akamletea mwalimu vipande viwili na kumwamrisha, "Katua!" Alitaka karatasi irudi kama ilivyokuwa. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Kwangu mimi huyo ameshafaulu, kwa sababu mtoto anayekosea kwa kufuata mtindo ameshauona mtindo.

Siku ya nazi

Mwalimu mwenzangu alileta nazi za rika zote: kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi yenyewe. Dafu na nazi kila mtu alizijua. Kitale kilizua mabishano, na koroma wavulana wawili walidai ni dafu lililoharibika. Tuliziweka kwa mpangilio, watoto wakazipanga upya wamefumba macho, kwa kupapasa na kutikisa. Koroma ukilitikisa maji yanasikika, kidaka hakina sauti.

Kufua na kuvunja ni kazi ya wakubwa, na kwenye mbuzi hatukumweka mtoto, meno yale makali. Lakini makumbi ni yao. Wameyachambua nyuzi nyuzi, wameviringisha nyuzi juu ya paja hadi zikawa kikamba. Kusokota vile, kiganja kikiteleza mbele juu ya paja, ni zoezi ambalo hakuna kifaa cha dukani kinacholishinda, na nusu yao walikuwa wameshaona babu zao wanalifanya.

Halafu kifumbu. Tulikuwa na viwili. Mtoto anatia nazi iliyokunwa, anamwagia maji ya vuguvugu, anakamua kwa mikono miwili. Haya ndiyo mazungumzo, nilikuwa nimekaa pembeni na daftari:

"Unafanya nini?"
"Nakamua."
"Unakamua nini?"
"Nazi."
"Ikishakamuliwa inaitwaje?"
Kimya. Mwalimu akasubiri.
Mwenziwe kwa nyuma: "Chicha! Anapewa kuku!"
"Na kilichotoka?"
"Tui. Zito. La pili ndilo jepesi."

Yule mama wa "tunalipia komwe" alikuwa amekuja siku hiyo, kwa bahati au kwa makusudi sijui. Alisimama mlangoni muda. Kisha akaingia, akavua viatu, akamwonesha mtoto wa mwenziwe namna ya kukibana kifumbu ili tui lisimwagike pembeni.

Masika

Mvua haijatupa nafasi ya nje. Tumemwomba bibi jirani wa banda aje afundishe kusuka ukili, ule msuko wa kushonea mikeka. Anakaa chini juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, watoto wamemzunguka, na miyaa, yale majani ya kusukia, ameshaichana na kuilainisha kwa maji. Nilidhani ataanza na chane nyingi kama anazosukia mikeka. Hakufanya hivyo. Amewapa 3 tu kila mmoja, moja ameitia rangi ya zambarau, na wimbo wake ni mmoja: "Ya rangi inapita juu. Sasa inapita chini. Kaza. Usikaze sana, itakatika. Legeza." Ndani ya nusu saa watoto wana kukaza, kulegeza, kupitisha, kupishana, kugeuza, juu, chini, katikati, pembeni. Haya ya mwisho, maneno ya mahali, tulihangaika nayo tangu Januari kwa picha ya paka na meza. Paka yule wa picha hakukaza wala kulegeza kitu.

Bibi hawasifu watoto. Akiona ukili umekaa sawa anaupapasa tu na kuurudisha. Wanaupigania upapaso huo.

Hapa ndipo lilipojitokeza suala la mtoto wa mashoto. Anasuka vizuri kuliko wote kwa mkono wa kushoto kuongoza, lakini penseli anaishika kwa kulia, kwa shida, na anaangalia mlangoni kila mara. Mama yake alinieleza kwamba chuoni mkono unarudishwa. Nikamsubiri Maalim wa chuo alasiri.

"Shikamoo, Maalim."
"Marahaba, mwanangu. Kunani?"
"Huyu kijana wetu wa mashoto. Naona anarudishwa mkono."
"Mkono wa kushoto tunakula nao sisi?"
"Hatuli nao, Maalim. Atakula kwa kulia, atapokea kwa kulia, msahafu ataushika kwa kulia. Kalamu tu ndiyo ninayomuombea."

Akaomba ubao wa mtoto. Tukampa chaki, nikamwambia aandike kwa mkono autakao. Aliandika alif, be, te. Maalim aliutazama ubao muda mrefu kidogo kuliko herufi tatu zinavyohitaji. "Alif yake imenyooka," akasema. "Basi aandike. Lakini kula nitamtazama."

Jambo ambalo sikuwa nimelifikiria mpaka siku ile: Kiarabu kinakwenda kulia kwenda kushoto, kwa hiyo chuoni mkono wake wa kushoto haufuniki alichokiandika. Skuli ndiko unakofunika. Tumemlazia daftari, kona ya juu ya kushoto imepanda kidogo, na anashika penseli juu zaidi ya ncha ili aone herufi zake. Na walimu msishangae watoto wetu wakiandika herufi kinyumenyume. Wanajifunza mielekeo miwili kwa siku moja, na hata asiyekwenda chuo hugeuza herufi katika umri huu. Hatusahihishi kwa kalamu nyekundu. Tunarudi kwenye sinia la mchanga: mstari wa kusimama, wa kulala, duara, msalaba, mraba, na pembetatu mwisho kabisa, kwa sababu mistari ya mshazari ndiyo inayochelewa. Asiyeweza kuchora msalaba hatumpi herufi.

Julai, mikasi

Tumeanza na jani la mgomba, linakatika kwa raha na lina mistari yake tayari. Wavisheni watoto nguo za kazi, utomvu wa mgomba hautoki nguoni, tumeshaambiwa na wazazi kwa lugha isiyoandikika. Kidole gumba juu, kiwiko ubavuni. Kwanza kudonoa pembezoni, kisha kukata kipande mara moja, kisha mstari, kisha kona. Wa miaka 4 wengi wameishia kwenye mstari, na hapo panatosha.

Mikasi tuliyonayo yote ni ya mkono wa kulia. Kwa kijana wetu wa mashoto, bapa la juu linamziba mstari, na akiiminya mikasi mabapa yanaachana badala ya kubanana, karatasi inajikunja tu. Mwalimu alidhani hajui. Mpe jani la mgomba alichane kwa vidole, uone.

Septemba na Oktoba, karafuu

Mahudhurio yameshuka, kama kila msimu. Familia zimepiga dago, yaani kambi, mashambani na watoto wamefuatana nazo. Mwaka huu hatukugombana na mtu. Tulikwenda kwa wazazi kabla, tukawaambia mambo mawili. La kwanza, mtoto wa maandalizi hapandi mkarafuu wala habebi, na wanaobaki kijijini na bibi zao waje skuli. La pili, jioni karafuu zikimwagwa ukumbini za kuchambuliwa, mtoto akitaka kukaa akae, muda anaoutaka yeye, na watu waongee naye.

Kuchambua karafuu ni kazi ya vidole iliyo tamu kuitazama: kishada kinashikwa mkono mmoja, kidole gumba cha mwengine kinazisukuma punje ziachane na makonyo. Watoto waliorudi wamekuja na msamiati ambao sisi hatukuupanga: kuchuma, kuchambua, kuanika, kupepeta, makonyo, jamvi, wingu limefunga. Baba mmoja alinihadithia kwamba mvua ilitaka kunyesha, yeye yumo ndani, akamsikia mwanawe wa miaka 5 anapiga kelele uani, "Baba, tunaanua au tunaacha?" Kuanika na kuanua vilikuwa kwenye mchezo wetu wa wawili wawili, kwa leso na kamba. Sikuwa na hakika kama vilitoka nje ya mlango wa darasa.

Novemba, vipimo vya mwisho

Vitendo ni vile vile 20, tukachanganya na vichache ambavyo hatukuwahi kuvifundisha. Karibu wote sasa wanataja zaidi ya nusu, na wa miaka 5 wengi wanaongeza kitu na namna: "unakunja leso mara mbili", "unamenya ndizi taratibu". Katika vile vipya, "unafanya hivi" imekuwa adimu. Asiyejua anauliza, "Kino chaitwaje?" na hili halikuwamo katika fomu yetu ya vipimo, nimeliongeza kwa mkono.

Vifungo, wamebaki wachache sana. Penseli kwa vidole 3, wakubwa wengi, wadogo nusu kwa nusu, na wadogo nimewaacha kama walivyo. Mikasi bado. Watoto wanne au watano mikono yao haijapata nguvu hata kwa komwe, na wawili kati yao maneno pia ni machache mno kulinganisha na wenzao. Hao tumezungumza na wazazi wao waende hospitali wakaangaliwe masikio kwanza, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri huonekana mtulivu tu.

Wanaokwenda Darasa la Kwanza tunampelekea mwalimu wao karatasi moja kwa kila mtoto: mkono anaoutumia, anachoweza kufanya mwenyewe, anachochoka nacho. Ya kijana wa mashoto nimeiandika mimi na Maalim ametia saini chini.

Mwakani bibi anaendelea, tumekubaliana aje kuanzia Februari asisubiri masika. Siku ya nazi itasimamiwa na wazazi, yule mama ameshajitwika. Vifumbu viongezwe vifike 6. Mikasi ya mkono wa kushoto tumeikosa Wete na Chake, mwenye kusafiri Unguja atutazamie jozi 2.